Kibaba Chako Kiko Wapi?

Hotuba kwa wahitimu wa mafunzo ya ufundi, Tanga

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mliovaa majoho: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimeshika chaki miaka 34, na mwalimu hajui kuanza ila kwa swali. Haba na haba?

Ukumbi mzima mmeitikia: hujaza kibaba. Vizuri. Sasa nani kati yenu amewahi kushika kibaba mkononi?

Naona mikono mitano, na yote ni ya wazazi. Basi tuanzie hapo.

Wanangu, kibaba ni kipimo cha nafaka. Kabla mizani haijaenea madukani, mchele, mtama na kunde vilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi. Waislamu mnaikumbuka pishi kila mwisho wa Ramadhani, kwa sababu zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila nafsi iliyomo nyumbani. Kibaba cha mama yangu kule Pangani kilikuwa kopo la bati lililobonyea ubavuni, na hakuna aliyeruhusiwa kulinywea maji.

Methali hii tumeisema mpaka masikio yamezoea. Mtoto akifeli tunamwambia haba na haba. Kijana akililia mtaji tunamwambia haba na haba. Tunaisifu haba, na kile chombo kinachotajwa mwishoni hatukiulizi. Aliyeitunga alikuwa mtu wa jikoni, nadhani alikuwa mwanamke, naye alijua kwamba konzi ya mchele isiyo na pa kutiwa huokotwa na kuku. Leo nimekuja kuwauliza juu ya chombo.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa ngalawa. Wakati wa pepo za kaskazi tulikula vizuri. Kusi likishika, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane hivi, bahari ilichafuka, na siku nyingi ngalawa ililala mchangani huku baba akikaa barazani akishona nyavu. Nyumba ya watu tisa, hakuna samaki wa kula wala wa kuuza.

Mama alikuwa na kijaruba cha mpunga bondeni na biashara ya vitumbua asubuhi. Mshahara hakuwa nao. Alikuwa na desturi. Kila jioni alipopima mchele wa kupika, kabla ya kuutia kwenye ungo, alichota konzi moja akaitoa. Hakuirudisha guniani. Aliitia kwenye mtungi mdogo uliokaa nyuma ya mlango, umefunikwa kwa kawa, huku akisema, "Hii ya kusi." Kila jioni, maneno hayohayo. Hata siku ambayo sisi watoto tuliona wazi kwamba chakula hakitoshi, alichota. Pengine konzi ndogo, vidole vitatu tu, lakini alichota.

Siku moja mimi na kaka yangu tulipima kwa siri. Konzi kumi na mbili za mkono wa mama zilijaza kile kibaba. Fanyeni hesabu nami, maana mmesoma kupima. Konzi moja kwa siku, siku 360, ni vibaba 30. Hiyo ni pishi saba na nusu za mchele, zimetoka kwenye sufuria ambayo kila jioni hatukuona imepungua. Kusi likifika, mama alifunua kawa.

Nimefikiri sana juu ya mtungi ule tangu nimekuwa mtu mzima. Konzi ileile ingebaki guniani tungeila, wala tusingejua tumeila. Nguvu ilikuwa katika kuitenga. Tena mama hakuhitaji kujikumbusha, kwa sababu kupika kulimkumbusha. Nani anasahau kupika? Na ile akiba ilikuwa na jina. Mgeni akija ghafla, sisi watoto tukitazama nyuma ya mlango, mama alisema, "Huo wa kusi," na maneno yakaisha. Kitu kisicho na jina kila mtu hukiombea matumizi.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kijana yeyote atoke hapa akidhani maskini ni mtu asiye na desturi nzuri. Mama yangu alichota konzi maisha yake yote na hakutajirika. Mtungi haukumleta daktari kijijini, wala haukumwongezea baba ngalawa ya pili. Kuna mambo ambayo ni serikali na jamii nzima inayopaswa kuyabeba, na mtu asiwadanganye kwamba mtayabeba kwa konzi. Ninachosema ni hiki: miaka ile yote, kusi halikutukuta mikono mitupu. Kwa aliyewahi kulala njaa, hilo si jambo dogo.

Sasa niwasimulie lililonipata mimi mwenyewe, mtoto wa mama huyo, nilipodhani nimejifunza kumbe bado.

Mwaka 2004 tulianzisha kikundi cha kuweka na kukopa, wanawake kumi na sita, majirani na wafanyakazi wenzangu. Kila wiki tulichanga. Haba zilikuwepo, tena za uaminifu. Fedha zote alishika mwenzetu mmoja, kwenye mkoba wake, kwa kuwa tulimpenda na kumwamini. Mtoto wake akaugua sana. Akatoa kidogo akikusudia kurudisha, akatoa tena. Mwezi wa kumi na moja tulipotaka kugawana, hakukuwa na cha kugawana. Mimi simhukumu. Mama yeyote mwenye mtoto mahututi na fedha mkobani angefanya kama alivyofanya. Kosa lilikuwa letu sote: tulimpa binadamu mwenzetu kazi ya kuwa kibaba. Urafiki wa miaka mingi ukavunjika kwa sababu hatukununua sanduku.

Kikundi cha pili, mwaka 2009, kilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Wengi mmewaona mama zenu wakienda kwenye hisa, lakini sijui kama mmewahi kuangalia jinsi mambo yale yalivyosukwa. Utaratibu huu ulianzia mbali, kwa wanawake wa vijiji vya Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, kisha ukasambaa Afrika nzima mpaka ukafika kwetu. Wanachama huwa kati ya 15 na 30. Kila mkutano mtu hununua hisa kuanzia moja hadi tano, na kila hisa hugongewa muhuri kwenye kitabu chake. Funguo tatu wanashika watu watatu mbalimbali, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana hata funguo moja. Sanduku hufunguliwa mbele ya wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, na kabla ya kufunga kila mwanachama hukariri salio kichwani, ili mkutano ujao lisizuke neno. Kuna na mfuko wa jamii, pembeni kabisa, wa msiba na maradhi. Ule mfuko ndio ungemwokoa yule mwenzetu wa kwanza.

Kila ninapoufikiria utaratibu huo naona heshima. Unamheshimu mtu kiasi cha kutomwacha peke yake na majaribu. Mimi nilinunua hisa tatu kila wiki, hisa shilingi 2,000. Kwa wiki 50 ni shilingi 300,000, na juu yake gawio la riba ya mikopo. Mwalimu wa shule ya msingi, nyumba ya udongo, nikapata bati za chumba cha kwanza. Mwaka uliofuata cha pili.

Wanangu, wazee wetu hawakuacha methali moja. Waliacha na dada yake: chovya chovya humaliza buyu la asali. Sikilizeni vizuri. Kidogo kidogo kinajaza kibaba, na kidogo kidogo hichohicho kinamaliza buyu. Nguvu ni moja. Kwa hiyo mtu asiseme mimi sina mazoea ya kila siku. Unayo. Kila mmoja wenu hapa anachota au anachovya.

Kuna kijana wa bodaboda mtaani kwetu, nilimfundisha darasa la tatu. Alikuja kuniomba nimsaidie kuandika barua ya mkopo, anasema hana mtaji wa kununua pikipiki yake, anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku. Nikamwambia kabla ya barua tufungue simu yako tuangalie miamala. Tukakaa barazani na karatasi. Mkeka wa kubeti asubuhi shilingi 1,000, mkeka jioni shilingi 1,000. Hajawahi kubeti elfu hamsini kwa siku, hata mwenyewe alijiona ni mtu wa kiasi. Tulijumlisha miezi minne tu. Shilingi 240,000, na alizorudishiwa hazikufika robo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, mbona sikuziona zikitoka?"

Hakuziona kwa sababu zilitoka konzi konzi. Naumia ninapolisema hili. Wenye biashara ya kubeti wanaijua methali yetu kuliko sisi wenyewe. Haba ni zako, kibaba ni chao. Wamekitengeneza vizuri, hakivuji, kiko mfukoni mwako usiku na mchana, na kinakukumbusha kwa mlio kila timu inapoingia uwanjani. Mikopo ya kausha damu nayo ni vivyo hivyo, unalipa kidogo kila siku mpaka unasahau ulikopa shilingi ngapi. Ukishaona mtu mwingine amekuandalia chombo kizuri hivyo cha kupokea kidogo chako, jiulize kwa nini wewe hujajiandalia.

Naomba nirudi kwa mama, kwa sababu kuna jambo lake jingine.

Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu Nyerere aliwahutubia wananchi akatangaza kuwa 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma na kuandika. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Deni la vitumbua alilichora kwa mkaa ukutani, mstari mmoja kwa kitumbua kimoja, na mvua ikivuja ukutani deni lilifutika.

Madarasa ya ngumbaru yakaanza chini ya mwembe wa shule. Mama alikwenda alasiri, akishamaliza shamba, mara tatu kwa wiki, mtoto mgongoni. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza la saba, umri wa mwanawe. Mwezi mzima alijifunza kuandika herufi chache tu, na nakumbuka usiku mmoja aliziandika kwa kidole kwenye unga uliomwagika, akafuta, akaandika tena. Mwaka wa kwanza ukaisha hajaweza kusoma barua. Wa pili akasoma. Siku aliponunua daftari na kuandika majina ya wadaiwa wake, baba aliingia ndani akatoka, akaingia tena, akasimama akimtazama anavyoandika.

Watu wengi walifanya kama yeye. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulikuta wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39. Kufikia 1986 walikuwa karibu asilimia 10. Nchi nzima, herufi kwa herufi! Mara nyingi tunasema ilikuwa ni ari ya wakati ule, na ari kweli ilikuwepo. Lakini mimi nilikuwa mtoto pale chini ya mwembe, niliona kilichokuwa kinafanya kazi. Siku zilijulikana. Mahali palijulikana. Jirani alikupitia njiani akakuita kwa jina, na usipotokea aliuliza. Kilikuwa kibaba kikubwa, na watu wakajitia humo. Miaka iliyofuata madarasa yalipopungua, idadi ya wasiojua kusoma ikapanda tena. Watu walikuwa walewale, na hamu ya kujua ilikuwa ileile.

Nimesikia mara nyingi mkiambiana kwamba ili jambo liwe mazoea unahitaji siku 21. Msilishike hilo. Mwaka 2009 watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo, kama kula tunda au kunywa maji, akalifunga kwenye tukio ambalo tayari hutokea kila siku, mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likafanyika lenyewe bila kujishurutisha. Kuna aliyezoea kwa siku 18, na kuna ambaye makadirio yake yalifika siku 254. Na hili ndilo ninalotaka mlibebe: aliyeruka siku moja hakuharibu kitu. Aliendelea kesho yake, na mazoea yakaendelea kujengeka.

Nalisema kwa sababu nimewaona wanafunzi wengi mno wakiacha kwa aibu ya siku moja. Anasoma kila usiku wiki tatu, siku ya msiba hasomi, kesho yake anajiona ameshindwa, anafunga kitabu mpaka mtihani. Mama yangu aliumwa malaria siku nne bila kuchota. Alipopona alichota konzi moja. Hakuchota tano za kufidia.

Sisi watu wa pwani tumebahatika, siku yetu imekwisha kugawanywa. Kuna adhana tano. Kuna kengele ya kanisa. Kuna chai ya saa nne, ambayo fundi haikosi hata dunia ipinduke. Hayo ni mapengo tayari ya kutia konzi zako. Ukisema "nitafanya nikipata nafasi", nafasi haiji. Ukisema "nikitoka swala ya alfajiri, kabla sijavua kofia", jambo limepata mlango wake wa kupitia.

Sasa ninyi ni mafundi, na kwa fundi chombo cha kwanza ninachokijua ni daftari.

Mnajua fundi anavyosemwa mitaani. Njoo kesho. Mwanamke amepeleka kitambaa siku kumi kabla ya Idi, usiku wa kuamkia Idi yuko kibarazani kwa fundi, analia, nguo haijakatwa hata mkono. Wengi huona ni uongo wa fundi. Mimi nimekaa na mafundi, na wengi si waongo. Walipokea kazi kichwani. Kichwa kilichukua nguo arobaini wakati mikono ina uwezo wa ishirini na tano, na advansi za watu zikaishia sokoni kwa sababu zilikaa mfuko mmoja na hela ya chakula. Kwenye daftari ungeona ishirini na tano zimejaa, ukamwambia wa ishirini na sita, "Dada, samahani, nimejaza mpaka Idi." Angeondoka akikuheshimu, na mwakani angekuja mapema.

Basi andika. Jina la mteja, kazi gani, advansi kiasi gani, salio, siku ya kuchukua. Andika mteja akiwa bado amesimama mbele yako. Jioni, ukishafagia na kurudisha kila chombo mahali pake, andika mistari minne: nimepata, nimetumia, nimeweka, nadai. Dakika tano. Fundi umeme aandike na nyumba aliyofunga, waya aliotumia, hitilafu aliyoikuta. Miaka mitatu baadaye mwenye nyumba akikupigia simu, utafungua ukurasa, na hakuna fundi mwingine mjini atakayejua nyumba ile kama wewe. Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyekimbia kilomita 42 na ushei kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kwa miaka mingi ameandika mazoezi yake kwa mkono kwenye madaftari. Ana makocha, ana wataalamu, na bado anaandika mwenyewe.

Hela ya kuweka nayo ipate mtungi wake. Msinitajie asilimia. Anzeni na kiasi ambacho hata siku mbaya kitatoka, iwe shilingi 500. Fundi anayefanya kazi siku sita kwa wiki akiweka shilingi 1,000 kila siku ya kazi, mwaka ukiisha ana kama shilingi 300,000. Ipeni jina siku ya kwanza. Fundi seremala aseme hii ya randa, fundi cherehani aseme hii ya mashine. Na ikitimia, nunua randa kweli, ili moyo ujue kwamba ahadi yako kwako mwenyewe huwa inatimia. Kama simu yako inakushawishi kutoa, tafuteni wenzenu kumi na watano mliohitimu nao leo, nunueni sanduku, kufuli tatu. Mnajuana. Mmelala bweni moja. Hakuna kikundi kizuri kuliko hicho, na nafasi ya kukiunda ni leo, kabla hamjapanda mabasi.

Mkuu wa chuo amenionyesha saa, nami nimemwelewa.

Pale mezani nimeleta madaftari 84, moja kwa kila mhitimu, kila moja na kalamu yake. Nimeyapigia mistari mwenyewe kurasa kumi za kwanza, safu zile nilizowatajia, ili mwone zinavyokaa. Juu ya ukurasa wa kwanza nimeacha nafasi tupu. Mama yangu angeandika "ya kusi" hapo. Wewe andika neno lako, sasa hivi, kabla ya picha. Njooni kwa mstari, darasa la ushonaji mtangulie.